Kazi ya Utafiti Yenye Malipo: Yale Ambayo Mzazi na Mwanafunzi wa Kajiado Wanapaswa Kujua

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Kitengela mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Kila vyuo vikuu vinapofunga, magari ya kutoka Nairobi, Juja, Njoro na Eldoret huwateremsha vijana hapa Kitengela na mabegi yao. Wiki ya kwanza ni ya kulala na kula chakula cha nyumbani. Wiki ya pili mzazi huanza kuuliza, "Sasa utafanya nini hadi mfungue?" Wengine husaidia dukani. Wengine huendesha bodaboda. Wengine hurudi kuchunga mifugo huko Isinya na Mashuru. Wengine hutafuta atachimenti, na mara nyingi wakiipata huwa haina malipo. Basi mzazi aliyekwisha kulipa karo hutoa tena nauli ya kila siku ya kwenda Nairobi na kurudi, na pesa za chakula cha mchana.

Kuna kazi nyingine ambayo haitajwi sana mezani. Ni kazi ya utafiti, ambapo mwanafunzi wa shahada ya kwanza hufanya kazi chini ya mhadhiri anayemwelekeza, na kulipwa kwa saa au kwa mwezi. Nafasi hizi si nyingi, na chache kati yake hutangazwa kwenye magazeti. Nyingi hupatikana kwa kuuliza. Ndiyo maana huwafikia zaidi watoto wa wale ambao tayari wanajua jinsi vyuo vinavyofanya kazi. Mtoto wa mfugaji au wa mama mboga anaweza kumaliza miaka minne bila kujua kwamba nafasi kama hiyo ilikuwa mlango wa tatu kutoka darasa lake.

Utafiti si jambo geni Kajiado

Neno "utafiti" huwatisha watu. Hufikiriwa kuwa ni koti jeupe na mashine za bei kubwa. Lakini mzee yeyote wa Kajiado anajua kwamba zamani mifugo haikuhamishwa kwa kubahatisha. Watu walitumwa mbele kuangalia nyasi, maji, magonjwa na majirani. Walirudi, wakaeleza walichokiona, wakaulizwa maswali makali, ndipo uamuzi ukafanywa. Aliyeleta habari za uongo aliweza kuua ng'ombe wa boma zima.

Huo ni utafiti. Una swali, una mtu aliyekwenda kujionea mwenyewe, una ushahidi, na una wazee wa kuupima. Kule Olkiramatian, Kajiado Magharibi, kuna kituo cha jamii kiitwacho Lale'enok, na jina lake limetokana na desturi hiyo hiyo ya kwenda kupeleleza na kuleta habari. Vijana wa pale wamefunzwa kurekodi hali ya malisho, mifugo na wanyamapori, na hufanya kazi hiyo pamoja na wanasayansi wanaofika.

Mpango wenyewe ukoje?

Nafasi halisi ya utafiti wa kulipwa ina mambo matatu.

La kwanza ni swali la kweli, ambalo jibu lake halijulikani. Kupiga chapa barua za mhadhiri au kumpelekea chai si utafiti.

La pili ni mhadhiri mlezi. Huyu humwonyesha mwanafunzi namna ya kuuliza, kupima, kuandika na kukubali kwamba amekosea. Humkagua kila wiki. Mwishowe huwa mtu anayeweza kumwandikia barua ya kumpendekeza akiwa anamjua kwa kazi yake, si kwa nambari yake ya usajili.

La tatu ni malipo. Hapa ndipo mpango huu unapotofautiana na mradi wa mwaka wa mwisho, ambao mwanafunzi hufanya kwa ajili ya alama na mara nyingi kwa gharama yake mwenyewe.

Mpango wa namna hii unaojulikana sana duniani ulianzishwa mwaka 1969 katika chuo cha MIT nchini Marekani na Margaret MacVicar. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliweza kuingia katika maabara ya profesa na kufanya utafiti wa kweli, ama kwa alama za masomo ama kwa malipo. Vyuo vingi viliiga. Tangu mwaka 1987, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi limekuwa na mpango wake wa kuwalipa wanafunzi wa shahada ya kwanza wafanye utafiti wakati wa likizo ndefu.

Hapa Kenya fedha nyingi za utafiti huelekezwa kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Hata hivyo nafasi kwa wa shahada ya kwanza zipo kwa njia mbalimbali. Vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta, vina mpango wa mwanafunzi kufanya kazi chuoni na kulipwa huku akisoma. Wahadhiri wenye miradi iliyofadhiliwa huajiri wasaidizi wa kukusanya na kuingiza takwimu. Taasisi za utafiti kama vile KEMRI, ILRI na icipe hupokea wanafunzi.

Mfano wa Kilifi unafaa kuangaliwa. Huko, mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ulioanza mwaka 1989, umekuwa ukiwachukua vijana wa kaunti hiyo waliofanya vizuri katika kidato cha nne ili wakae kituoni kwa muda kabla ya kwenda chuoni, pamoja na kuwa na nafasi za mafunzo kwa waliohitimu shahada. Kijana wa kijiji jirani huingia lango ambalo wazazi wake walilipita kwa miaka bila kujua kinachofanyika ndani.

Dunia huja Kajiado kufanya utafiti

Kuna jambo ambalo wakazi wengi hawalitilii maanani. Kajiado ni moja ya sehemu za Kenya ambazo zimechunguzwa sana na wanasayansi.

Olorgesailie, kwenye barabara ya kwenda Magadi, ilijulikana duniani baada ya Louis na Mary Leakey kukuta mashoka ya mawe mwaka 1942. Tangu miaka ya 1980, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na taasisi ya Smithsonian ya Marekani wamekuwa wakichimba hapo. Mwaka 2018 walitangaza kwamba watu walioishi hapo takriban miaka 320,000 iliyopita walitengeneza zana ndogo za ustadi, walitumia rangi, na walipata mawe meusi ya volkeno kutoka mbali.

Huko Amboseli, nyani wamekuwa wakifuatiliwa mmoja mmoja tangu mwaka 1971, na ndovu tangu mwaka 1972. Hizo ni miongoni mwa tafiti za wanyama wa porini zilizodumu sana duniani. Huko Kimana, shirika la Marekani liitwalo School for Field Studies lina kituo ambako wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka Marekani huja kujifunza na kufanya utafiti mfupi chini ya wahadhiri. Wanafunzi hao hulipa karo na nauli ya ndege ili wapate kuuliza maswali kuhusu malisho, maji na wanyamapori wa Kajiado.

Si vibaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini swali la haki kwa mzazi wa Kajiado ni hili: mwenyeji amepona vipi? Kwa miaka mingi mwenyeji alikuwa dereva, mpishi, mlinzi, mkalimani na mtu wa kuonyesha njia. Kazi hizo ni za heshima, na bila hizo utafiti mwingi usingefanyika. Kule Amboseli, Wakenya waliokaa na wanyama hao kwa miongo kadhaa wamekuwa wataalamu wa kutegemewa, na majina yao yamo katika machapisho ya kisayansi. Kinachotakiwa sasa ni kwamba mtoto wa Kajiado aliye chuoni aingie katika kazi hiyo mapema, akiwa na swali lake, mhadhiri wake na malipo yake.

Mfano wa hapa Kitengela

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya ILRI ilikuwa na mradi ulioitwa Reto-o-Reto, maneno ya Kimaa yenye maana ya kusaidiana, mimi nikusaidie nawe unisaidie. Mradi ulifanya kazi katika maeneo ya wafugaji, Kitengela ikiwemo. Watafiti waliajiri watu wa jamii zenyewe wawe daraja kati ya wanasayansi na wenye mifugo. Hapa Kitengela wanajamii walishiriki kuhesabu wanyama na kuchora ramani ya nyua zilizokuwa zikiongezeka kwenye mbuga za Athi-Kaputiei.

Kila mtu alikuwa anaona ua wa jirani yake. Hakuna aliyekuwa ameziona nyua zote kwa pamoja. Ramani ilipotandazwa, ilionekana wazi jinsi njia za mifugo na wanyamapori kutoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kuelekea kusini zilivyokuwa zikizibwa. Kazi hiyo ilichangia mpango wa matumizi ya ardhi ulioandaliwa wakati wa iliyokuwa Halmashauri ya Kaunti ya Olkejuado. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ardhi nayo ni mali.

Mmoja wa waliofanya kazi katika mradi huo alikuwa David Nkedianye. Aliandika pamoja na wenzake kuhusu maisha ya wafugaji wa Kitengela na kuhusu vifo vya mifugo katika ukame wa 2005 na 2006, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 2013 akawa gavana wa kwanza wa Kajiado. Hakuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza alipofanya kazi hiyo, na si lazima kila mtafiti awe gavana. Somo lililopo ni kwamba alikuwa mwenyeji aliyelipwa kuuliza maswali ya nyumbani, akiwa na watu wa kumwelekeza.

Mfano wa pili ni Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1966 alirudi kutoka Marekani akitarajia kuanza kazi ya msaidizi wa utafiti katika chuo kikuu jijini Nairobi, akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Hakukata tamaa. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, akampa kazi ya usaidizi. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Baadaye akawa anachunguza kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa ambao wafugaji wa Kajiado wanaujua vizuri. Alipokuwa akikusanya kupe nje ya jiji, aliona mito iliyojaa udongo na ng'ombe waliokonda kwa kukosa nyasi. Alichokiona huko ni sehemu ya mawazo yaliyozaa Green Belt Movement mwaka 1977. Alikwenda kutafuta kupe, akarudi na swali kubwa zaidi.

Kwa nini malipo ni jambo la lazima

Wapo wanaosema mwanafunzi anapaswa kushukuru kwa kupata ujuzi tu, pesa zitakuja baadaye. Maneno hayo ni rahisi kwa aliyeshiba.

Mfikirieni msichana wa mwaka wa pili ambaye familia yake ilipoteza mifugo mingi katika ukame ulioisha mwaka 2023. Mhadhiri anamwambia aje maabara kwa wiki 12 bila malipo. Anahitaji chumba, nauli na chakula. Mama yake hana. Anakataa, anakwenda kuuza duka la jirani. Mwenzake ambaye wazazi wanaweza kumgharimia anakubali. Mwaka wa nne, mwenzake ana barua ya mhadhiri na jina kwenye chapisho. Ufadhili wa masomo ya uzamili unapotangazwa, nani ataupata? Wote wawili walikuwa na akili sawa. Kilichowatenganisha ni nauli.

Hesabu yake si kubwa kama inavyodhaniwa. Chukua mfano, ambao si bajeti ya ofisi yoyote. Mwanafunzi akifanya kazi saa 10 kwa wiki kwa wiki 12, hizo ni saa 120. Akilipwa shilingi 200 kwa saa, ni shilingi 24,000. Wanafunzi 10 ni shilingi 240,000. Hiyo ni hesabu ambayo chuo, kampuni, wahisani au chama cha ushirika kinaweza kuizungumza. Tofauti na msaada wa karo, fedha hizi huacha kitu kingine nyuma, yaani jibu la swali fulani la kaunti.

Na maswali yapo tele. Visima vya Kitengela vina kiasi gani cha chumvi na floraidi, na kiasi hicho hubadilika vipi kati ya kiangazi na masika? Magugu ya aina ya Ipomoea yanayoenea katika malisho ya Kajiado yanaweza kupunguzwa kwa njia gani ambayo mfugaji wa kawaida ataimudu? Takataka za mji unaokua kwa kasi zinaishia wapi mvua inaponyesha? Ni wasichana wangapi wanaoacha shule ukame unapouma, na ni nini kilichowarudisha waliorudi? Kila swali kati ya haya lingeweza kuwa kazi ya likizo ya mwanafunzi mmoja mwenye mhadhiri mzuri.

Namna ya kuitafuta nafasi

Mwaka wa kwanza, mwanafunzi ajue wahadhiri wake wanatafiti nini. Habari hizo hupatikana kwenye tovuti ya idara na kwenye mbao za matangazo. Ahudhurie mihadhara ya wazi. Ajifunze kutumia programu ya kupanga takwimu kwenye kompyuta. Si lazima awe wa kwanza darasani, lakini awe mtu wa kufika kwa wakati na kuandika anachokiona.

Mwaka wa pili aanze kuuliza. Amchague mhadhiri mmoja au wawili, asome japo chapisho moja la kila mmoja, kisha aandike ujumbe mfupi. Unaweza kuwa hivi:

"Mpendwa Daktari, ninasoma mwaka wa pili katika idara yako. Nimesoma utafiti wako kuhusu maji ya visima. Ninatoka Kitengela, ambako watu wengi hutegemea visima, na ninazungumza Kimaa na Kiswahili. Ningependa kujua kama mradi wako una nafasi ya msaidizi wa kulipwa wakati wa likizo. Kama haipo, ningeshukuru kuelekezwa kwingine."

Ujumbe huo hauombi huruma. Unaonyesha kwamba mwandishi amesoma, ana faida ya kuleta, na anajua kuuliza habari ya malipo bila aibu. Kijana wa Kajiado asidharau lugha yake. Mradi unaohitaji kuzungumza na mabibi wa boma unamhitaji mtu anayejua kuamkia na kusubiri kuliko unavyohitaji mtu wa Kiingereza kizuri. Asipojibiwa kwa wiki mbili, aandike tena, au aende ofisini saa za kuwaona wanafunzi. Wengi watasema hapana. Akiuliza watano na mmoja akakubali, amefaulu.

Wanafunzi wanaosoma ndani ya kaunti, kama wale wa Africa Nazarene kule Ongata Rongai, wa KAG East hapa Kitengela au wa Umma mjini Kajiado, nao waulize katika idara zao. Chuo kisipokuwa na mpango, maombi ya wanafunzi 20 yaliyoandikwa vizuri yanaweza kuuanzisha.

Kabla ya kukubali kazi, mwanafunzi aulize mambo haya na majibu yaandikwe: Kazi ni ipi hasa? Ni saa ngapi kwa wiki? Malipo ni kiasi gani, na hulipwa tarehe gani, na nani? Nauli ya nyanjani na bima ni juu ya nani? Nani atamkagua? Jina lake litatajwa wapi kazi ikichapishwa? Mhadhiri mwema hatakasirikia maswali hayo. Na saa zisizidi kipimo. Kazi inayomfanya mwanafunzi akose mitihani imempunja, hata ikimlipa vizuri.

Tahadhari

Kwanza, hakuna nafasi ya kweli ya utafiti inayomtaka mwanafunzi atume pesa ili aipate. Ujumbe wa simu unaosema "umechaguliwa, tuma ada ya usajili" ni wizi, hata kama una nembo ya chuo. Apige simu ofisi ya chuo kwa nambari aliyoitafuta mwenyewe, si iliyo kwenye ujumbe.

Pili, kazi haipewi kwa kubadilishana na mapenzi. Anayeomba jambo hilo anavunja sheria. Mwanafunzi ahifadhi ujumbe, amwambie mtu anayemwamini, na aripoti kwenye ofisi ya masuala ya wanafunzi au polisi. Mzazi akisikia habari hiyo asimlaumu mtoto.

Tatu, utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Kwa kawaida kiongozi wa mradi ndiye huishughulikia. Mwanafunzi aombe nakala kabla ya kwenda nyanjani, na apite kwa chifu kueleza kazi yake.

Nne ni kwa wakazi wote. Kijana akifika nyumbani kwako na hojaji, una haki ya kuona leseni na kitambulisho chake, kuelezwa habari zako zitatumiwaje, kukataa swali lolote, na kuacha mazungumzo wakati wowote. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazilinda habari zako binafsi. Una haki pia ya kuuliza majibu yatarudi lini. Mtafiti aliyelelewa vizuri hurudi barazani kueleza alichokipata, kama yule aliyetumwa zamani kutazama malisho.

La mwisho kwa wazazi

Mtoto akirudi nyumbani akisema amepata kazi ya kuhesabu kupe, kupima maji au kuwahoji wazee kwa malipo madogo, asichekwe. Asiulizwe tu, "Pesa ngapi?" Aulizwe pia, "Unatafuta jibu la swali gani? Nani anakuelekeza?" Akiweza kujibu maswali hayo mawili hapo mezani, kazi hiyo ni ya kweli. Asipoweza, arudi akamuulize mhadhiri wake.

Na kama bado hajapata, jioni ya leo inatosha kuandika ule ujumbe mfupi.